Nakala Safi

Siku ya Alhamisi, saa tatu kasorobo asubuhi, niliwasili katika jengo la Hifadhi ya Takwimu nikiwa nimevaa koti, tai, na viatu vilivyong'aa kiasi cha kumwezesha mtu kujitazama meno. Miadi ilikuwa saa tatu kamili. Mfukoni nilikuwa na flashi moja, na kwapani bahasha yenye nakala mbili zilizochapwa, iwapo flashi ingeleta utovu wa nidhamu.

Nilichokuwa nimekibeba kilikuwa mto. Nasema mto kwa maana ya vipimo vyake: kina cha maji asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, kwa miaka kumi na tisa ambayo mradi wetu ulidumu. Ni vipimo takribani elfu kumi na nne. Nilikuwa mtunza takwimu wa mradi tangu siku ya kwanza hadi siku milango ilipofungwa, na wenzangu walinibandika jina la Kiranja, nadhani kwa heshima. Mradi ulipokwisha, watu waligawana viti na feni. Mimi nilichukua mto. Nikautunza nyumbani kwangu miaka saba, nikiuhamisha kutoka disketi hadi diski, na kutoka diski hadi flashi, kila mashine mpya ilipowakataa wazee wake. Faili langu halikupata kutu wala virusi. Lilifunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Sasa lilikuwa limehitajika. Daraja la zamani lilikuwa linataka kubomolewa na jipya kujengwa, na mhandisi wa daraja alikuwa na vipimo vya miaka saba tu, vya kifaa cha umeme kilichofungwa baada yetu. Katika miaka hiyo saba mto ulikuwa mpole kama mgonjwa anayepata nafuu. Kwa kutumia upole huo, alikuwa amechora daraja ambalo tumbo lake lingekuwa mita nne na nusu juu ya sakafu ya mto. Michoro ilikuwa iende kwa wajenzi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Faili langu likikubaliwa na Hifadhi kabla ya hapo, lingetumika. Lisipokubaliwa, miaka kumi na tisa ingewekwa kando, na daraja lingejengwa kwa kubahatisha.

Aliyenipokea mlangoni alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ndiye mkaguzi wa Hifadhi.

"Shikamoo, Mjomba. Umewahi."

"Marahaba. Sikuwahi, nimefika. Wengine ndio huchelewa."

"Sawa. Nisikilize vizuri, maana hapa mimi si mpwa wako." Akaniingiza katika chumba chenye meza moja, kompyuta moja, na kiti cha mbao kilichosukumwa hadi ukutani. "Kile kiti ni chako. Faili lako litafunguliwa na mtu ambaye hajawahi kuliona wala hajui chochote kuhusu mradi wenu. Atajibu maswali matatu kwa kusoma tu. Wewe utakaa pale, hutasema neno. Ukisema, kikao kimekwisha."

"Kwa nini mwenye kazi anyamazishwe?"

"Kwa sababu miaka hamsini ijayo utakuwa umenyamaza kabisa, Mjomba, na watu watataka kulitumia."

Hoja ilikuwa na adabu kidogo lakini ilisimama. Nikaketi.

"Na kukohoa kwa maana pia ni kusema," akaongeza.

"Mimi sikohoi kwa maana."

"Mama anasema unakohoa kwa maana tangu mko watoto."

Msomaji aliyeletwa alikuwa dereva wa ofisi, mtu mnene, mchangamfu, mwenye funguo kidoleni. Alinisalimu, nikamjibu kwa kichwa. Akavuta kiti, akafungua faili. Niliona fahari ikinipanda kifuani, kwani safuwima zote zilikuwa zimenyooka kama wanafunzi mstarini.

"Swali la kwanza," mpwa wangu akasoma. "Je, kipimo cha juu kabisa mto ulichowahi kufikia ni kipi, na lini?"

Dereva akateremka jedwali kwa kidole kimoja, akinung'unika. "Hapa juu kumeandikwa K1, K2, K3, K4. Hii K ni kilo?"

Hakuna aliyemjibu. Nilishika magoti.

"Basi siyo kilo. Namba za pembeni hizi ni tarehe, hilo naliona. Hizi nyingine... moja nukta mbili, moja nukta tatu... Haya, nimeipata kubwa." Akajinyoosha. "Mto ulijaa kupita kiasi mwaka wa tatu wa mradi, tarehe ishirini na tisa, mwezi wa nane. Mita sabini na saba."

Mpwa wangu hakupepesa jicho. "Una hakika?"

"Imeandikwa, dada. Sabini na saba. Siku hiyo samaki walipanda ghorofa ya ishirini bila lifti." Akaendelea kuteremka. "Eh! Na wiki iliyofuata tena, siku nne mfululizo. Nyie mlikuwa mnaishi wapi wakati huo?"

"Hicho si kipimo!" nikasema. "Hicho ni kitanda!"

Dereva akageuka polepole, funguo zikalia.

"Kitanda gani, mzee?"

Ilinibidi nieleze, kwa kuwa kikao kilikuwa kimekwisha na hapakuwa na cha kupoteza zaidi. Katika bweni letu shuleni, kitanda namba sabini na saba kilikuwa hakilaliwi na mtu, kwa sababu paa lilivuja juu yake. Wakati wa kuhesabu watu usiku, kiranja alipofika hapo alisema "sabini na saba" na kila mtu alielewa kwamba hapana mtu. Nilipohitaji alama ya siku ambayo kipimo hakikuchukuliwa, ilinijia yenyewe. Katika ofisi yetu ya mwanzo tulikuwa wanne, na watatu tulisoma shule moja. Wa nne alifundishwa.

"Na hao watatu wako wapi sasa?" mpwa wangu akauliza.

"Wawili ni marehemu. Wa tatu hakumbuki jina la mke wake."

"Kwa hiyo dunia nzima imebaki mtu mmoja anayejua kwamba mto haukufika mita sabini na saba."

Dereva alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yakimtikisika. "Nisamehe, mzee," akasema akijifuta macho. "Mimi naona ungewaandikia tu 'hakuna'. Ni herufi sita."

Mpwa wangu alipiga muhuri wa HAIJAPITA juu ya fomu yangu, na sauti ya muhuri ule sitaisahau. Tangu kuzaliwa sikuwa nimewahi kufeli mtihani wa kuandika. Kisha akanivutia kiti karibu na kompyuta, na sauti yake ikawa ya binti wa dada yangu tena.

"Mjomba, alama tutazieleza, hilo ni la mchana mmoja. Tazama hili."

Alikuwa ameuchora mto wote katika mstari mmoja, kutoka mwaka wa kwanza hadi wa kumi na tisa. Mstari ulipanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi, ukapanda, ukashuka. Halafu, katika mwaka wa nane, uliteremka ghafla kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi, na tangu hapo haukurudi tena juu. Ulipanda na kushuka vilevile, lakini chini zaidi.

"Mto wote umeshuka zaidi ya nusu mita, kati ya wiki moja na nyingine, milele," akasema. "Kulitokea nini?"

"Ukame, huenda."

"Ukame wa miaka kumi na mmoja wenye mafuriko ndani yake?"

Mimi, niliyeujua mto ule kwa tarakimu kama mtu anavyojua watoto wake, nilivaa miwani nikautazama mstari upya, nao haukupanda.

"Una hadi Alhamisi ijayo," akasema. "Mhandisi nimemwomba asubiri mpaka siku hiyo. Zaidi ya hapo hawezi."

Nilipofika nyumbani, mke wangu alinitazama uso, akatazama bahasha, akakata kauli.

"Kiranja amefelishwa."

"Nimeahirishwa."

"Haya, uliyeahirishwa, vua tai ule. Na vile vidaftari alivyokuwa akileta Mama Mita, yule aliyewasomea mto, kila mwezi, si angalau vitasema?"

Hapo ndipo chakula kilipokosa ladha, kwa sababu vidaftari vile nilivichoma moto mwenyewe.

Lazima nieleze, na sielezi ili kujitetea. Shuleni tulifundishwa kwamba kila kazi ina nakala mbili: ya penseli, yenye mikwaruzo, na nakala safi, ya wino. Nakala safi ikishakamilika, ile chafu hupelekwa shimoni nyuma ya jiko Jumamosi na kuchomwa, na aliyekutwa ameficha nakala chafu chini ya godoro alifyeka nyasi hadi Jumatano. Mwenye kazi nzuri hakuwa na haja ya kuonyesha jasho lake. Niliamini hivyo nikiwa na miaka kumi na minne, na niliamini hivyo nikiwa na miaka hamsini.

Vipimo vya mto vilisomwa na mwanamke mmoja aliyeishi karibu na daraja, aliyeitwa Mama Mita na mtaa mzima. Asubuhi na jioni aliteremka hadi kwenye nguzo ya daraja, akasoma ubao wa kupimia uliofungwa kwa bolti, akaandika. Kila mwisho wa mwezi daftari lake lilifika mezani kwangu likinuka matope, na kando ya kila tarakimu kulikuwa na maneno: leo ng'ombe wamelala njiani, nimechelewa dakika ishirini, leo ubao una ukoko, nimeukwangua, leo nimesoma kwa tochi. Nilinakili tarakimu. Maneno niliyaacha. Mwaka ulipokwisha, nilikwenda uani na kiberiti.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Mama Mita barazani kwake, akishona kwa waya kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo. Umri ulikuwa umemkausha lakini haukumpinda.

"Ee! Bwana Kiranja! Karibu. Usikalie hicho, hicho bado mgonjwa."

Nilibaki nimesimama, nikamweleza yote: kikao, dereva, mstari ulioteremka. Nilipofika kwenye samaki na lifti alicheka hadi waya ukamponyoka. Lakini nilipotaja mwaka wa nane aliacha kucheka.

"Si ubao ulihamishwa."

"Ulihamishwa na nani?"

"Na fundi! Gogo lilikuja na maji likaupiga, likavunja bolti za chini pamoja na jiwe lenyewe. Fundi akasema jiwe lile halishiki tena, akaufunga juu zaidi. Kwa hiyo sifuri yake ikapanda. Maji yakawa yaleyale, namba zikawa ndogo." Alinitazama kama anayetazama mtoto mwenye akili aliyesahau jina lake. "Nilikuandikia. Nusu ukurasa mzima. Hata mchoro nilikuchorea."

"Sikumbuki."

"Wewe hukumbuki, lakini mimi ulinijibu."

Akaingia ndani. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha mfuniko wa bati. Akatoka na kopo la biskuti lenye vyeti vya kliniki, picha za harusi, na risiti za redio, na kutoka chini kabisa akavuta kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Niliutambua mwandiko kabla sijavaa miwani. Ulikuwa wangu, kwa wino mwekundu.

*Kwa Msomaji wa Ubao. Kuhusu maelezo yako marefu ya tarehe 14, mwezi wa tatu, juu ya gogo, fundi, na kuhamishwa kwa ubao siku hiyo: kazi yako ni kusoma tarakimu, si kutunga hadithi. Nafasi ya maoni haikuwekwa kwa ajili ya porojo. Jambo hili lisijirudie. Mtunza Takwimu.*

Na chini yake sahihi, na tarehe, na mwaka. Vyote vilikuwa kamili. Hata mstari wa pembeni ulikuwa umepigwa kwa rula.

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili nilihitaji kuketi, nikakalia kiti kigonjwa, nacho kikanivumilia.

"Kwa nini ulikihifadhi?" nikauliza.

"Kwa hasira." Alisema bila haya. "Nilitaka siku nikifa wajukuu wangu wajue bibi yao alifanya kazi na mtu wa namna gani."

"Na baada ya hapo uliandika tena maoni?"

"Niandike kwa nani? Ulisema lisijirudie, halikujirudia. Miaka kumi na mmoja nimekupa tarakimu tupu, kama ulivyotaka."

Nimewahi kukemewa na mwalimu mkuu mbele ya shule nzima, nikasimama wima. Barazani kwa Mama Mita nilijikuta natazama ncha za viatu vyangu.

"Ubao ulipanda kiasi gani?" hatimaye nikauliza.

"Sentimita sitini na tatu. Nilipima kwa tepu ya fundi mwenyewe."

"Kumbukumbu si ushahidi, Mama Mita."

"Najua. Ndiyo maana nilikuandikia."

Tukateremka mtoni, yeye mbele, mimi nyuma na viatu vyangu vinavyong'aa. Ubao ulikuwa bado pale kwenye nguzo, umepauka, namba zake zikisomeka kwa shida. Chini yake, katika jiwe lililomeguka, matundu mawili ya bolti za zamani yalikuwa yanatazama nje kama pua, na ncha ya bolti moja imekatikia ndani. Nilikuwa nimebeba tepu. Alishika mwisho wa chini katika tundu la kale, nami nikapandisha hadi bolti ileile ya ubao katika mahali pake papya. Nikasoma. Nikamwomba tubadilishane, akasoma yeye. Nikarudia mara ya tatu kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

"Sitini na tatu," nikasema.

"Loh! Kumbe tepu nayo ina kumbukumbu."

Kuanzia Jumamosi hadi Jumatano tulikaa mezani kwangu, na mke wangu akituletea chai na maoni yasiyoombwa. Mama Mita alisema, mimi niliandika. Safari hii sikuacha neno. Aliniambia kwamba mwaka wa kumi na moja aliugua wiki mbili na mumewe akasoma kwa niaba yake. "Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema, lakini mgongo ulimuuma, hakuwa anainama. Alikuwa anakadiria tu kutoka juu." Nikafungua faili: siku kumi na nne, vipimo vyote vikiishia na sifuri. Nilivinakili kwa mkono wangu na sikuona. Nikaandika: siku hizi zisitegemewe.

Nilifuta K1 na wenzake, nikaandika tarehe, saa ya kusoma, kina kwa mita. Kila sabini na saba ilikwenda zake, pakaandikwa "hakuna". Faili lenyewe nililihifadhi upya kwa maandishi ya kawaida yasiyodai programu ya kampuni yoyote, ili hata kompyuta ambayo bado haijabuniwa isiwe na kisingizio. Vipimo vya asili niliviacha kama vilivyosomwa, na pembeni nikaweka safuwima mpya yenye sentimita sitini na tatu zilizoongezwa tangu siku ya gogo, ili kila mtu aone kilichofanyika na kwa nini. Maelezo yakawa kurasa nne.

Likabaki jambo moja. Nilimpigia mpwa wangu simu Jumatano mchana.

"Ile karatasi ya wino mwekundu," nikasema, "nadhani haina haja ya kuingia. Nimeshaeleza tarehe katika ukurasa wa pili."

"Umeeleza kwa kutegemea nini, Mjomba?"

"Kwa kutegemea karatasi."

"Basi iingie. Ndiyo ushahidi pekee wa siku ubao ulipohama."

"Itasomwa na nani?"

"Na yeyote anayetaka. Kwa miaka mia, Mungu akipenda."

"Naweza kuiandika upya kwa lugha ya upole zaidi, maana ikabaki ileile."

"Yaani nakala safi?"

Mama Mita, aliyekuwa akisikia kila kitu, alijifanya anahesabu vijiko.

Nikaichukua karatasi hadi duka la kuchapishia, nikaisimamia ikipigwa picha, pande zote mbili, pamoja na mikunjo yake.

Alhamisi tuliketi wawili ukutani, kwani Mama Mita naye alitiwa katika sheria ya kimya. Safari hii msomaji alikuwa mhandisi wa daraja mwenyewe, msichana mwenye kalamu tatu nywelani, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na vumbi la saruji kwenye mabuti. Alitupa salamu ya haraka akidhani sisi ni watu tunaosubiri huduma nyingine, kisha akaketi.

Alisoma kurasa zote nne kabla ya kugusa jedwali. Jambo hilo lilinifurahisha, nikalificha. Halafu akafungua picha ya karatasi.

"Hebu sikia hii," akamwambia mpwa wangu, akaisoma kwa sauti, tangu "Kwa Msomaji wa Ubao" hadi "lisijirudie", akiigiza sauti nzito ya puani. Haikuwa mbali sana na yangu. "Mwanamke wa watu anamwambia ubao umehama, yeye anamwambia asitunge hadithi! Huyu bwana angekuwa bosi wangu, ningemsukumia humohumo mtoni akapime mwenyewe."

Kiti cha pembeni yangu kilianza kutetemeka. Mama Mita alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake, machozi yakimtiririka. Mpwa wangu alikuwa akitazama dari kwa bidii kubwa. Mimi nilitazama msumari mmoja uliokuwa ukutani mbele yangu. Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kumweleza kuhusu shule, kuhusu shimo la nyuma ya jiko, kuhusu zama zile. Koo langu lilijaa kikohozi chenye maana, nikakimeza kikavu kama kidonge.

"Swali la kwanza," mpwa wangu akasema alipopata sauti. "Kipimo cha juu kabisa."

Mhandisi akapanga safuwima ya mwisho kuanzia namba kubwa. "Mwaka wa kumi na nne, jioni. Ubao ulisoma nne nukta kumi na mbili. Lakini hapo ubao ulikuwa umeshapanda, kwa hiyo ongeza sitini na tatu." Akachomoa kalamu moja nywelani, akaandika kwenye kiganja, akaitazama. "Nne nukta sabini na tano."

Hakuuliza swali la pili. Alikuwa ameshasimama na simu sikioni.

"Ni mimi. Ile michoro usiipeleke... Hapana, usiipeleke, nasema. Tumbo la daraja tumeliweka nne na nusu, na mto umewahi kufika nne sabini na tano... Ndiyo, ungelipiga daraja tumboni... Sikiliza, kama tungetumia vipimo hivi bila maelezo tungeona nne na kumi na mbili, tungesema tuko salama, tungejenga... Nani kaniambia? Hakuna aliyeniambia, nimesoma... Hakuna wa kumpigia, ndugu yangu, kila kitu kimeandikwa. Pandisha. Nakuja."

Akakata simu, akarudi kujibu maswali mawili yaliyobaki kama mtu anayemaliza kuosha vyombo. Alisema siku zisizo na kipimo ni ngapi. Alisema ni wiki mbili zipi zisizotegemewa. Mpwa wangu alivuta fomu, akachukua muhuri mwingine, akaupiga. Ulitoa sauti ileile hasa, sikutarajia.

"Sasa mnaweza kusema," akatuambia.

Mama Mita aliachia kicheko alichokuwa amekifungia dakika arobaini. Mimi nilisimama, nikafunga kitufe cha koti.

"Mhandisi," nikasema. "Huyo bwana wa wino mwekundu ni mimi. Na huyu ndiye Msomaji wa Ubao."

Kalamu ilimponyoka. Akaweka mkono mdomoni, akamtazama Mama Mita, akanitazama mimi. "Yarabi! Mzee, nisamehe sana, mimi nilikuwa natania tu..."

"Usiombe radhi. Umesoma sawasawa."

"Mwache aombe kidogo," Mama Mita akasema, "mimi nasikia utamu."

Mhandisi alicheka kwa wasiwasi, akaketi tena, na kwa kuwa aibu hupenda kujificha ndani ya kazi, akaanza kupekua jedwali. Kuna kitu kikamtatiza katika mwaka wa tano. Akainua uso kuelekea kwangu, akafumbua mdomo, nami nikajiweka tayari kujibu. Kisha macho yake yakateremka, akafunua ukurasa wa tatu, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea.